Kimbell au Menil? Kama uko Texas na una siku moja tu

Mgeni kaja kutoka nyumbani, mall zote kashazunguka, NASA mmeshaenda, picha za buti na kofia za cowboy zimejaa kwenye simu, sasa mumpeleke wapi? Hili swali linarudi kila likizo, na siku hizi wapo wanaouliza moja kwa moja kuhusu makumbusho ya sanaa. Kwa Texas majina ya kwanza kutajwa huwa mawili, Kimbell Art Museum ya Fort Worth na Menil Collection ya Houston. Kati yake ni kama kilomita 420, yaani masaa manne ya barabara kama Mungu kakuepusha na foleni, kwa hiyo usijidanganye kuziunganisha siku moja, utafika ya pili umechoka na wao wanafunga.

Walioko Dallas, Arlington na Fort Worth wataenda ya kwao, wa Houston ya kwao, hapo hamna ubishi, kilicho karibu ndicho kizuri. Mi naandika kwa ajili ya yule anayeweza kuchagua, anayepita tu, au yuko Austin ambako kote kuwili umbali unakaribiana.

Hela isikusumbue. Zote mbili makusanyo yao ya kudumu unaingia bure, hamna tiketi, hamna kitambulisho cha mkazi. Kimbell wanatoza tu maonyesho maalum yanayokuja kwa muda, Menil hata hayo hawatozi. Na parking bure pia, jambo ambalo kwa miji ile sio dogo.

Sasa, watu wengi wakilinganisha makumbusho wanaanza na picha zilizomo, hii ina Picasso ngapi ile ina Monet ngapi. Kwa hizi mbili mi nasema anza na dari. Najua inasikika ajabu lakini nivumilie, ukishaelewa dari ya kila moja utajua mwenyewe ipi inakufaa.

Kwanza zilitokeaje. Kay Kimbell alikuwa mfanyabiashara wa Fort Worth, hela yake imetoka kwenye unga, grosari, mafuta, kila mahali. Yeye na mkewe Velma walianzisha mfuko wao wa sanaa 1936, wakawa wananunua picha za wachoraji wa Uingereza na Ufaransa, na alipofariki 1964 akaacha mali yake kwa huo mfuko ili mji upate makumbusho ya daraja la kwanza. Akaajiriwa mkurugenzi kutoka Los Angeles, Richard Brown, na 1966 wakampa kazi ya jengo Louis Kahn, huyu huyu aliyechora lile bunge la Bangladesh kule Dhaka. Jengo likafunguliwa Oktoba 1972.

Menil ni hadithi ya Wafaransa. Dominique de Menil alizaliwa Schlumberger, ile kampuni ya huduma za visima vya mafuta ilianzishwa na baba yake Conrad na baba yake mdogo Marcel. Vita ya pili ya dunia ikawakimbiza Ufaransa yeye na mumewe John, wakahamia Houston kwenye shughuli za kampuni, na huko ndio wakaanza kununua sanaa kwa kasi ya kutisha. Na wakamwita nani awachoree makumbusho? Kahn. Kazi ikaanza, John akafariki 1973, Kahn naye akafariki 1974, mradi ukafa nao. Dominique akakaa kimya miaka kadhaa, halafu akamchukua Renzo Piano, ambaye wakati huo alijulikana kwa lile jengo la Paris lenye mabomba nje, Centre Pompidou. Mama akamwambia anataka jengo dogo kwa nje, kubwa kwa ndani. Likafunguliwa 1987.

Utamu ni kwamba Piano ujanani alishafanya kazi kwenye ofisi ya Kahn kule Philadelphia, na baadaye Kimbell walipotaka jengo la pili wakamwita huyo huyo Piano, likafunguliwa 2013, linatazamana uso kwa uso na la Kahn. Kwa hiyo hizi makumbusho mbili ni ndugu, na kinachowaunganisha ni swali moja tu, jua la Texas utaliingizaje ndani bila kuchoma picha.

Maana jua lile sio la mchezo. Linafifisha rangi, linakausha mbao, linapasua. Ndio maana makumbusho mengi duniani wanaziba kila dirisha wanawasha taa, unatembea mle kama uko stoo. Kahn alikataa hilo. Kimbell ni mapaa 16 marefu ya zege yaliyopinda, kila moja urefu kama mita 30 na upana kama 7, yamelala sambamba. Na pale juu kabisa kwenye mgongo wa paa, sehemu ambayo tao lolote ndipo linapojifunga likapata nguvu, yeye kapasua mwanya kutoka mwisho hadi mwisho. Fundi yeyote wa zege atakuuliza hapo hapo, sasa linasimamaje? Ni kwamba sio tao la kweli, linafanya kazi kama boriti ndefu iliyokunjwa, limebebwa na nguzo nne tu za kwenye pembe, na ndani kuna nyaya za chuma zilizovutwa zikakaza zege, hesabu zake alipiga injinia August Komendant. Chini ya ule mwanya linaning'inia bawa la alumini lenye matundu madogo madogo, jua likishuka linagonga bawa, linarudishwa juu kwenye zege, halafu zege ndilo linakumulikia wewe na picha. Kahn mwenyewe aliuita mwanga wa fedha, na kweli, ukisimama chini yake zege la kijivu, zege hili hili tunalolimwaga kwenye kalavati, linang'aa kwa upole ambao huwezi kuamini ni saruji na kokoto.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa karibu ukiwa pale: nenda hadi mwisho wa chumba uangalie ukuta wa travatini unapokutana na paa. Haukutani. Kuna mstari wa kioo umepita kati yao unafuata mpindo, upana wake unabadilika kadiri unavyoshuka, na hapo ndio unaelewa kwamba ule ukuta haubebi kitu, ni pazia tu la jiwe. Kwenye zege utaona pia alama za mbao za kumwagia na vitundu vya vyuma, hawakuziba, hawakupiga plasta, Kahn alitaka uone lilivyojengwa. Huku kwetu fundi angeambiwa hajamaliza kazi.

Piano pale Menil hakupasua mwanya, yeye aliondoa paa la kuziba lote. Juu ni kioo, na chini ya kioo zimepangwa safu kwa safu za vibao virefu vilivyopinda, wanaviita majani, vya ferosimenti, yaani saruji nyembamba iliyopigwa juu ya wavu wa chuma. Alivibuni na injinia Peter Rice, mtu aliyefanya naye kazi Paris. Vimegeuzwa kiasi kwamba jua la moja kwa moja halipiti, linapita lililoshagongagonga na kupoa. Na majani hayo hayaishii ndani, yanatoka yanafunika baraza nje ya jengo, kwa hiyo unaanza kutembea chini ya dari kabla hujafika mlangoni. Ndani sakafu ni ya mbao iliyotiwa weusi, kuta nyeupe, basi. Wingu likipita, na Houston mawingu hayakosi, ukumbi mzima unapunguza mwanga mbele ya macho yako, ile picha uliyokuwa unaitazama inanywea, halafu wingu linaenda na rangi zinarudi. Mara ya kwanza watu wanadhani umeme unacheza.

Hapo tayari kuna jibu la nusu. Kimbell jengo lenyewe ndio picha ya kwanza, utaingia na dakika kumi za mwanzo utakuwa umeinua shingo. Menil dari inakupisha, unaisahau, unabaki na kilicho ukutani. Kwa nje ndio kabisa, mtu anaweza akaipita Menil asijue. Ni jengo refu la mbao za saipresi za kijivu na nguzo nyeupe za chuma, liko katikati ya mtaa wa nyumba za kawaida kule Montrose, na zile nyumba ndogo jirani walizinunua wakazipaka kijivu kile kile, kwa hiyo mtaa mzima unakaa kama familia moja. Hamna ngazi kubwa, hamna simba wa mawe. Miti mikubwa, nyasi, watu wamelala na vitabu, mbwa. Mi napapenda pale kuliko sehemu nyingine yoyote Houston, nasema wazi.

Haya, sasa picha.

Kimbell wana vitu vichache mno, kama 350 hivi kwa jumla, na hiyo ni sera sio uvivu, waliamua kununua kidogo lakini cha juu. Sanaa ya Kimarekani wamewaachia jirani zao, makumbusho ya Amon Carter, ya kisasa wamewaachia The Modern ambayo jengo lake ni la Mjapani Tadao Ando, zote ni mwendo wa miguu kutoka pale. Wenyewe wanayo picha ya Michelangelo, Mateso ya Mtakatifu Antoni, walinunua 2009, inahesabiwa ndiyo picha pekee ya rangi ya Michelangelo iliyoko bara la Amerika, na aliichora akiwa na umri wa miaka 12 au 13. Ni ndogo, usije ukaipita. Mtakatifu yuko hewani amezingirwa na mashetani wanamvuta nywele na kumpiga virungu, na mmoja ana magamba ya samaki yaliyochorwa moja moja, aliyeandika maisha yake anasema kijana alienda soko la samaki kuyaangalia. Mtoto wa darasa la saba, fikiria.

Halafu Caravaggio, Wacheza Karata. Hii hata mgeni ambaye hajawahi kuingia makumbusho maisha yake yote ataielewa bila kuelezwa, maana kila mtaa una hao watu. Kijana wa kishua anatazama karata zake, hana habari. Nyuma yake jamaa mzima anachungulia na kumpa ishara ya vidole mwenzake, na huyo mwenzake mkono uko nyuma kiunoni anachomoa karata aliyoficha. Sasa sogea uangalie glavu ya yule anayetoa ishara, imetoboka kwenye vidole, ngozi inaonekana, kwa sababu wezi wa karata walikuwa wanataka kuzipapasa karata zenye alama. Na humo humo Kimbell kuna nyingine ya mchezo huo huo ya Georges de La Tour, jamaa kaficha ree nyuma ya mshipi na karata zake kazielekeza kwetu sisi tunaotazama kana kwamba tumeshakula njama naye. Unaweza kusimama hapo na wajomba watu wakabishana nani kaliwa.

Menil ni kinyume. Wana vitu zaidi ya 17,000, vinavyoonekana kwa wakati mmoja ni kidogo sana, vingine vinabadilishwa badilishwa, kwa hiyo usifunge safari ukiwa na picha moja kichwani, inaweza ikawa stoo. Nguvu yao kubwa ni wasurialisti, wale wachoraji wa mambo ya ndotoni, Magritte na Max Ernst hasa. Ile Golconda ya Magritte, ya wanaume wa makoti na kofia wananyesha kama mvua juu ya nyumba, ni ya kwao. Kuna pia picha ya Dominique mwenyewe aliyochorwa na Ernst akiwa bado kijana kule Ufaransa, inasimuliwa kwamba hakuipenda, ikabaki imefungwa juu ya kabati miaka mingi hadi alipojifunza kumpenda mchoraji. Zaidi ya hapo kuna vitu vya kale vya Mediterania, vya Bizanti, vya visiwa vya Pasifiki, na Afrika.

Na hapa Afrika tusimame kidogo maana ndio swali la kwanza watakalouliza wageni wako. Menil wana mkusanyo mpana wa Afrika. Kimbell wana kidogo ila kuna kitu kimoja ambacho Mkongo wa Katanga hatakiwi kukikosa, sanamu ya Chibinda Ilunga, kazi ya Wachokwe wa Angola ya karne ya 19. Ndio yule yule mwindaji, mwana wa mfalme wa Waluba aliyemuoa Lueji malkia wa Walunda. Ni ya mbao, sio kubwa, mabega na mikono mipana kupita kiasi, kichwani kilemba cha kifalme kimejikunja, na ndevu ni nywele halisi zimepandikizwa. Waafrika wengine wataona sanamu nzuri tu, wa Lubumbashi na Kolwezi wataanza kusimulia, kwa hiyo waacheni wasimulie. Huwa iko kwenye jengo la Piano, sio la Kahn, watu wengi wanaishia la Kahn wanaondoka.

Kitakachokukera Menil, nikwambie mapema, ni maelezo. Hamna. Kibao kidogo, jina la kitu, mwaka, basi. Dominique alitaka macho yafanye kazi kabla ya kusoma, na mi nakubaliana naye lakini nimeona wageni wakisimama mbele ya turubai tupu la rangi moja wananigeukia, sasa hii ni nini? Kama umekuja na baba au mama mkwe mwenye heshima zake, ambaye hajazoea sanaa ya kisasa, na wewe mwenyewe sio mtu wa maneno mengi, siku inaweza kuwa ndefu. Kimbell picha zinajisemea, watakatifu, karata, wafalme, mtu anasimama anasoma kisa.

Upande mwingine Menil haiishii kwenye jengo moja. Unatembea hatua chache kuna nyumba ya Cy Twombly peke yake, ya Piano pia, ya 1995. Kuna ukumbi wa taa za Dan Flavin ambao zamani ulikuwa grosari, watoto wanaupenda kuliko vyote. Kuna jengo la michoro la 2018. Na karibu kabisa kuna Rothko Chapel, ambayo ni taasisi yake yenyewe lakini ilianzishwa na hao hao mume na mke, ya 1971, chumba cha pembe nane chenye turubai 14 za Mark Rothko, nyeusi na zambarau iliyozama, mwenyewe alifariki mwaka mmoja kabla haijafunguliwa. Ni ya dini zote, ukikuta mtu anasali na mwingine kafumba macho tu ni kawaida, simu weka mfukoni.

Nje ya hiyo chapel, katikati ya bwawa, kuna sanamu ya chuma ya Barnett Newman, mnara uliovunjika umesimama kichwa chini juu ya piramidi. Akina de Menil walitaka mji wa Houston uupokee 1969 kwa heshima ya Martin Luther King, mji ukakataa, wakaununua wenyewe wakauweka hapo. Hiyo ndio tabia yao. Mwaka 1971 walisaidia maonyesho ya wasanii weusi na weupe pamoja, kwenye sinema iliyokufa katika mtaa wa watu weusi wa Fifth Ward. Na kijana mmoja wa huko waliyemuunga mkono ni Mickey Leland, aliyekuwa mbunge wa Marekani akapambana na njaa ya Afrika hadi ndege yake ikaanguka Ethiopia 1989. Ukishuka IAH, uwanja wa ndege wa Houston, kwa ndege za kimataifa jina lake liko pale ukutani, watu wanapita na mabegi hawajui ni nani. Kimbell haina historia ya namna hii, ni hela safi, ladha safi, imeishia hapo.

Mambo ya kawaida sasa. Kimbell wana mgahawa ndani ya jengo la Kahn, unakula chini ya mapaa yale yale, na mazingira ni salama kwa watoto kukimbia kwenye nyasi. Mchana ukiisha unaweza kuwapeleka Stockyards kuona ng'ombe wa pembe ndefu wakipitishwa barabarani, mara mbili kwa siku, mzee yeyote wa Kimasai au Kisukuma atakuwa na la kusema kuhusu wale ng'ombe. Menil kuna mgahawa ng'ambo tu ya nyasi, lakini chakula cha Montrose kote ni kizuri, tembea. Joto la Houston ni la unyevu, la pwani kabisa, Julai na Agosti mtu wa Dar au Mombasa ataona kama yuko nyumbani ila bila upepo wa bahari.

Ujanja mmoja wa Kimbell: usiingilie nyuma. Kahn aliweka uso wa jengo upande wa bustani, magharibi, kwenye baraza tatu zilizo wazi na vijiti vya miti vilivyopandwa kwa safu, lakini miaka yote watu walikuwa wanapaki upande wa pili wanaingilia chini kama wanaingia ghala. Piano alipojenga lake akachimba parking ya chini, ukipanda ngazi unatokea uso kwa uso na jengo la Kahn jinsi alivyotaka lionekane. Paki huko, vuka nyasi, pita chini ya miti kokoto zikilia miguuni, ndio uingie.

Kwa hiyo mi ningempeleka nani wapi? Mgeni wa kwanza, mzazi, kundi la kanisani, watoto wa shule, mtu yeyote wa ujenzi, fundi, injinia, mwanafunzi wa usanifu, Kimbell bila kufikiria mara mbili, na huyo wa ujenzi mpe siku nzima maana hatatoka. Mtu aliyechoka na kazi, mtu wa mashairi, mchumba mpya ambaye mnataka kutembea na kuongea, mtu anayetaka kujua watu weusi na weupe wa Houston walifikaje hapo walipo, Menil, na aanzie Rothko kabla miguu haijachoka. Kama ni mimi peke yangu na gari ina mafuta, naenda Menil. Lakini ukinilazimisha kusema jengo gani kati ya haya mawili ni bora zaidi, ni la Kahn, na nadhani hata Piano angesema hivyo, ndio maana lile lake la 2013 kaliinamisha likawa la chini, nusu limezikwa kwenye nyasi.

Angalia siku tu. Jumatatu zote mbili zimefungwa. Jumanne Menil bado imefungwa na Kimbell iko wazi, kwa hiyo anayezunguka Texas wiki nzima aanzie kaskazini Fort Worth Jumanne, ashuke Houston Jumatano.